Bosi na Mnyonge Ndani ya Tangi Moja

9 Februari

Dada,

Shikamoo. Naamini barua hii inakukuta mzima, wewe, shemeji na Mama. Sisi huku hatujambo. Nyanya zimepanda bei mpaka mtu unaona haya kuzigusa sokoni, na jirani wa ghorofa ya juu bado anaburuta viti kama analipwa. Utashangaa kupata barua badala ya simu. Simu imetumbukia ndani ya tangi la samaki nilipokuwa napiga picha za ushahidi, na huo ushahidi ndio ulionifanya nishike kalamu.

Unawakumbuka wale samaki wa maji ya chumvi, wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, tulionunua mimi na wifi yako tulipotimiza miaka kumi ya ndoa? Wenzetu hununua kabati. Sisi tukanunua tangi la kioo, pampu, hita, mfuko wa chumvi na samaki wawili. Mwenye duka alituuzia kama mume na mke. Yule mkubwa ndiye jike, mdogo ndiye dume, na chumba chao cha kulala ni chungu cha maua tulichokilaza ubavu humo ndani. Mwaka mzima waliishi vizuri, ukiondoa vijigomvi vya kawaida.

Sasa, dada, jike anampiga mume wake. Sisemi kumsukuma kidogo. Anamng'ata mapezi, anamtoa chunguni, anamzuia asile. Mkia wake umechakaa kama ufagio wa chooni. Na yeye, badala ya kujitetea kama mwanaume, analala ubavu mbele ya mke wake na kutetemeka mwili mzima, kama simu inayoita bila sauti. Ni aibu kutazama. Nimegeuza kiti changu cha kulia chakula nisiwe namwona. Nimempa jina la Mnyonge. Jike nimemwita Bosi.

Kibaya zaidi ni kwamba wifi yako anamtetea Bosi. Nilipomwonyesha mkia wa Mnyonge alisema, "Angekuwa anasikia anachoambiwa, nani angemgusa?" Nikamuuliza, samaki anaambiwa nini? Akanijibu, "Muulize mwenyewe." Juzi kasema nikiendelea kumgongea Bosi kioo, atahama naye. Nadhani ni utani.

Kazini salama. Hakuna jipya.

Mimi mdogo wako.

26 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua imefika ikiwa na doa la maji ya chumvi pembeni, nikajua kweli umeandikia hapo hapo kwenye tangi. Sisi wazima. Mgongo wa shemeji yako bado unamlaza, kwa hiyo barua yako ameisikiliza chali, huku akisema "Ala!" kila mstari. Mama kasikitika sana juu ya Mnyonge, na Ijumaa kamwombea kwenye kikundi chao bila kuwaambia wenzake kwamba ni samaki. Dobini kwetu hospitali imeongeza wodi, kwa hiyo mashuka yananifuata mpaka ndotoni.

Nina maswali matatu, na usinipige chenga.

La kwanza, katika majina yote, kwa nini Bosi?

La pili, tangu uingie hicho kiwanda cha magodoro hujawahi kuniandikia bila kulalamikia gundi, sponji au msimamizi wa kitengo. Leo unaniambia hakuna jipya. Umeanza lini kuipenda kazi?

La tatu, Mnyonge akishamaliza kutetemeka, Bosi hufanya nini?

Na uache kumgongea mke wa mtu kioo. Wewe ungependa?

Ni mimi dada yako, mwenye mikono inayonuka sabuni.

24 Machi

Dada,

Shikamoo. Pole na mashuka. Mpe shemeji pole ya mgongo, na Mama mwambie aendelee kuomba.

Jina la Bosi limekuja tu. Majina huja.

Wifi yako amehama.

Ilikuwa hivi. Mwenye duka alinishauri kwamba samaki mkorofi huwekwa kizuizini kwa muda, humo humo tangini, ili apunguze ubabe. Nikachukua chujio la plastiki la jikoni, nikalibana ukingoni mwa tangi kwa vibanio vya nguo, nikamtia Bosi ndani. Dada, jioni ile Mnyonge alikula mpaka tumbo likachomoza. Nilimpigia makofi. Wifi yako akarudi kutoka kazini, akatafuta chujio achuje tui, akaliona lilipo na aliyemo. Hakupiga kelele. Angepiga kelele ningejua la kufanya. Aliketi kwenye kiti changu, kile nilichokigeuza, akatazama ukuta muda mrefu, kisha akasema, "Kwa hiyo hivi ndivyo ungependa."

Nikasema, "Tunazungumzia samaki."

Akasema, "Haya."

Akateka maji ya tangi kwenye ndoo, akamtia Bosi, akafunga nguo zake kwenye begi, akaenda kwa dada yake upande wa pili wa mji. Ndoo niliibeba mimi, ghorofa zote mpaka chini, kwa sababu ilikuwa nzito na ngazi zetu unazijua. Njiani aliniambia neno moja tu. "Taratibu, unamtikisa."

Basi sasa nyumbani tumebaki wanaume wawili na amani tele. Swali lako la tatu sikulielewa.

Mdogo wako.

6 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba, na sisi wazima, hayo mengine baadaye.

Ulilielewa vizuri sana. Nikaona wewe huna maneno, nikamwandikia wifi mwenyewe. Amenijibu ukurasa mmoja, kwa adabu zote, na hajakusema vibaya hata mahali pamoja. Ila kanieleza jambo ambalo wewe umelifunika kwa samaki tangu Februari. Kwamba mwezi wa kwanza alipandishwa cheo. Kwamba msimamizi mpya wa kitengo cha kushona kingo za magodoro ni yeye. Kwamba anayeshona kingo za magodoro ni wewe.

Mdogo wangu! Mkeo kawa msimamizi, ukashindwa hata kutuandikia tufurahi? Mama alipiga vigelegele mpaka shemeji yako akasahau mgongo, akakaa. Halafu nikawasomea yaliyobaki, akalala chali tena.

Kasema tangu siku ile humwamkii kazini. Unampita kama nguzo. Godoro lako lilipokuwa na kingo zilizopinda akalitia alama ya chaki nyekundu, kama anavyomtilia kila mtu, na wewe ukaifuta kwa mkono wa shati na kulirudisha kwenye foleni. Ukafuta tena ya pili, mbele ya watu. Jioni hiyo akaja nyumbani, wala hakulitaja, akaona kwanza apike. Ndipo akatafuta chujio.

Mimi nina wanaume wazima chini yangu, akiwemo mpiga pasi mwenye mvi kuliko baba. Kila asubuhi ananiita Mkuu, nami namwita Mzee, na mashuka yananyooka. Hakuna aliyekufa.

Unamwonea huruma Mnyonge wa nini? Yeye anatetemeka, yanaisha. Wewe je? Narudia swali la tatu.

Dada yako, na nimekasirika.

30 Mei

Dada,

Shikamoo. Nimechelewa kwa sababu ya shughuli. Nafurahi Mama amefurahi. Mimi pia nilifurahi, ila ilikuwa ndani kwa ndani.

Hayo ya kazini tuyaache, yana mambo mengi usiyoyajua. Kwa mfano, kile cheo na mimi niliomba. Sikumwambia kwamba nimeomba. Naye hakuniambia kwamba ameomba. Tuliamka asubuhi moja, tukavaa nguo nzuri wote wawili, kila mtu akamwambia mwenzake anakwenda benki. Tukakutana kwenye benchi nje ya ofisi ya meneja. Basi, umeshajua. Ridhika.

Habari njema ni za Mnyonge. Huwezi kumtambua! Mkia umeota wote. Amenenepa, kifua mbele, chungu ni chake, tangi ni lake. Nikitia mkono kusafisha kioo ananing'ata kidole. Jana kanitoa damu. Nilijivuna, dada, nakwambia ukweli. Nikasema kumbe ulikuwa dume la mbegu, ulikosa nafasi tu. Huyu sasa ni mwanaume kamili, na ni ushahidi wa yale niliyokuwa nayasema tangu mwanzo.

Mimi pia naendelea vizuri. Nakula mkate nikiwa nimesimama, vyombo havichafuki. Nimenunua miswaki miwili kwa mazoea, mmoja nimeuweka akiba. Nyumba ina nafasi sana. Zamani nilikuwa nalalamika kwamba wifi yako analala katikati ya kitanda. Sasa sehemu yote ni yangu na bado nalala ukingoni.

Mdogo wako.

11 Julai

Mdogo wangu,

Marahaba. Mama hajambo, watoto hawajambo. Shemeji yako amesimama wima, na jambo la kwanza alilofanya ni kwenda kuwekeana dau la kuku na jirani kwamba Mnyonge atampiga Bosi siku wakikutanishwa. Nimeolewa na nani, Mungu wangu.

Benki! Wote wawili! Nilipomsomea Mama alicheka mpaka miwani ikaanguka kwenye mchuzi. Kasema nyinyi hamkuoana, mlikutana tu mahali mnapofanana.

Sasa acha kucheka, usome hapa polepole. Wifi kaniandikia tena. Bosi hayuko vizuri. Anakaa pembeni ya tangi dogo, uso kiooni, mkia kwa watu. Wifi mwenyewe naye naona anakaa vivyo hivyo, ila hajaandika hivyo. Aliloandika ni kwamba kiwanda kina tawi jipya katika mji mwingine, siku mbili kwa basi, na wanatafuta msimamizi. Ameomba. Jibu lake ni mwisho wa Agosti. Akikubaliwa ataondoka, na kasema safari hii ndoo ataibeba mwenyewe.

Safari hii ameniambia nikuambie, hakukuficha. Unaelewa maana yake? Nilivyoelewa mimi ni kwamba anakusubiri useme neno. Lolote.

Andika haraka.

Dada yako.

8 Agosti

Dada,

Shikamoo. Salamu kwa wote. Sina hamu ya kueleza bei ya nyanya.

Barua yako ilinitoa usingizi. Nikakata shauri: nitawarudisha samaki pamoja kwanza, halafu sisi tutafuata nyuma yao. Nikamwita mwenye duka aje apime maji kabla sijakwenda kumchukua Bosi. Akaja, akainama kwenye tangi, akamtazama Mnyonge akipita kwa mbwembwe zake, akaniuliza, "Huyu jike umemtoa wapi?"

Nikamwambia huyo ni Mnyonge. Ni yule dume uliyeniuzia.

Akaketi. Akanieleza kwa upole, kama daktari. Dada, samaki hawa huanza maisha wakiwa madume wote. Mkubwa wao katika nyumba ndiye anayekuwa jike. Jike akiondoka, dume lake linanenepa, linachukua nyumba, na baada ya miezi kadhaa linageuka kuwa jike lenyewe. Halirudi tena kuwa dume. Yaani kifua mbele, kile kiburi, kile kidole alichonitoa damu! Nilikaa miezi nikimlea mwanaume mwenzangu kwa uduvi wa bei mbaya, kumbe namlea Bosi wa pili.

"Na nikimleta Bosi?" nikauliza.

Akasema, "Majike wawili tangi moja? Asubuhi utamkuta mmoja."

Basi imekwisha, dada. Nimekaa na hilo siku nzima. Hawawezi kurudi. Niliwatenganisha mno, mpaka kila mmoja akawa mwenye nyumba. Mwambie shemeji dau lake limeharibika. Mwambie wifi yako namtakia heri na tawi jipya. Nimelia kidogo, na maji ya tangi yamezidi chumvi, lakini hayo hayahusiani.

Mdogo wako.

15 Agosti

Wewe!

Marahaba, wazima, hujambo.

Nimeisoma barua yako dobini nimesimama, wapiga pasi wakafikiri nimefiwa. Nani kakuambia wewe ni samaki? Nani? Ulioa ndani ya chungu cha maua wewe? Samaki wasioweza kukaa pamoja watawekwa matangi mawili, kwani kioo kimekwisha duniani? Unataka mkeo apande basi siku mbili kwa sababu Mnyonge amebadilika jinsia?

Shemeji yako kamlipa jirani kuku, wala hakuna aliyeelewa kwa kanuni gani. Mama nilimweleza kwamba Mnyonge sasa ni jike. Akasema, "Basi angalau sasa atasikilizwa."

Hii inakuja na mtu wa basi akupe mkononi. Kwa mara ya mwisho nakuuliza swali la tatu, na safari hii usinijibu mimi. Siku zile walipokuwa pamoja, Mnyonge akishatetemeka, Bosi alifanya nini? Ulikaa kwenye kile kiti kabla hujakigeuza. Uliona. Nenda ukafanye.

Dada.

31 Agosti

Dada,

Shikamoo, shikamoo ya kweli. Salamu kwa Mama, kwa shemeji na kwa kuku aliyeondoka.

Nakujibu. Mnyonge akishatetemeka, Bosi humzunguka mara moja taratibu, humsukuma begani kwa mdomo, na wote wawili huingia chunguni. Basi. Hakuna zaidi. Ndiyo maana sikupenda kujibu.

Jumatatu godoro langu lilifika kwenye meza ya ukaguzi. Wifi yako akapitisha kidole gumba kwenye kingo, akafika pale kwenye kona, akasimama. Akachukua chaki nyekundu, akatia alama. Kitengo kizima kikazima mashine kutazama kama nitaifuta. Hata fundi wa gundi alikuja na brashi yake mkononi inadondoka.

Nilikuwa nimejiandaa, dada. Nilikuwa nimeandika maneno kwenye kiganja, mazuri kabisa, ya kumpongeza kwa cheo na kumwomba radhi. Nikafungua kiganja, jasho limeyafuta yote. Yeye ananitazama, na macho yake yalikuwa ya mtu ambaye ameshafunga begi.

Nikapanda juu ya meza. Nikalala ubavu juu ya godoro, mikono nimebana mbavuni, nikatetemeka.

Nilitetemeka vizuri, dada, sikufanya mzaha. Meza iligonga, visigino viligonga, sarafu zikanitoka mfukoni. Fundi wa gundi akapiga yowe, "Kifafa!" Mmoja akashika miguu. Mtu wa huduma ya kwanza akaja mbio na sanduku lake, akaanza kunifungua mkanda wa suruali mbele ya akina mama wa foronya. Mimi natetemeka tu. Niliogopa kwamba nikiacha atakwenda kupanda basi.

Wifi yako peke yake ndiye hakusogea. Kisha akasema, polepole, "Mwacheni. Huyu si mgonjwa." Akanisogelea. "Wewe. Unatetemeka?"

Nikasema, "Ndiyo, Msimamizi."

Hapo ndipo alipocheka. Alicheka mpaka akaketi chini na chaki yake, akijifuta machozi, uso mzima umekuwa mwekundu wa chaki. Alipoweza kusimama, aliizunguka meza mara moja. Akanisukuma begani kwa kidole. "Shuka," akasema. "Watu wana kazi."

Ndoo niliibeba mimi jioni ile, ghorofa zote mpaka juu. Taratibu, bila kuitikisa. Tumeweka matangi mawili ubavu kwa ubavu na boksi katikati, maana wakionana tu wanapigana mpaka kioo kinalia. Barua ya tawi jipya imekuja jana. Walimkubali. Amewaandikia kwamba hapa kuna magodoro bado yanahitaji kusimamiwa. Kiti changu nimekigeuza kilivyokuwa. Kuhusu lile godoro, tusilizungumzie.

Nampa kalamu, anataka kukuamkia.

Mdogo wako.

Wifi, shikamoo. Asante kwa barua zako zote, na samahani kwa kuku. Hayo yote aliyoandika ni kweli, ila la godoro kaliruka. Nililikataa. Kona ilikuwa imepinda. Alilichukua, akasema ndiyo, akakaa baada ya saa za kazi akaifumua kona yote, akaishona upya peke yake, na mimi nikamsubiri. Nililikagua tena kuanzia mwanzo kama la mtu yeyote.

Limepita.